Kuyafuata Maji Hadi Magamba

Karoti za Lushoto huoshwa mtoni kabla ya kuanza safari ya kwenda mijini. Alfajiri ya siku ya gulio, ukungu ungali umelala juu ya mapaa ya bati na jua halijauvuka ukingo wa milima, vijana wawili walikuwa wamesimama ndani ya maji yaliyowafika magotini, suruali wamezikunja, wakilisukasuka gunia baina yao kama wanawake wapetao nafaka. Na kila walipolizamisha na kuliinua, udongo ulichuruzika ukaenda na mkondo, hata karoti zilipomwagwa juu ya turubai ziling'aa kama zilizopakwa mafuta. Niliwatazama kwa muda mrefu kutoka darajani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mto wenyewe haukuhitaji karoti ili ubadilike rangi: ulikuwa mwekundu tangu huko utokako, mwekundu ule ule nilioujua utotoni kwetu Pangani, ambako kila masika mlango wa mto hugeuka rangi, na bahari iliyo mbele ya mji ikagawanyika mistari miwili, wa samawati na wa udongo, na wazee wakasema, "Bara kunanyesha," kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Mzee mmoja alikuwa ameegemea nguzo ya daraja, koti refu mabegani na kofia ya sufi masikioni. Nilimwamkia, naye akaniitikia kwa upole, nikamwuliza maji yale yatoka wapi.

"Yatoka Magamba," alisema. "Lakini huko hayako hivi. Huko ni meupe."

"Na wekundu huu yameupata wapi, mzee?"

"Njiani, mgosi. Ukitaka kuujua, panda kwa migongo ya milima, ushuke kwa mabonde."

Nilikuwa na siku nzima mbele yangu wala sikuwa na shughuli iliyoipita hiyo kwa thamani. Hivyo ndivyo nilivyoupata mwendo wa siku ile, mwendo wa mzunguko, uanziao darajani na kuishia darajani, ambao tangu hapo nimewausia rafiki zangu wote wapandao Usambara.

Wageni wengi wafikao Lushoto huelekea Irente, kusini magharibi ya mji, ambako mlima hukatika ghafla kama ukuta wa ngome, na mtu akisimama juu ya jabali huyaona chini yake, kiasi cha mita elfu moja, mashamba ya mkonge ya Mazinde na tambarare inayokwenda hadi macho yashindwe. Sina ila ya kuitia safari hiyo, nami nimeifanya mara nyingi. Lakini aendaye kutazama mandhari na kurudi huona mahali pamoja palipo pazuri, ilhali azungukaye hupita katika vitu kwa taratibu yake, shamba baada ya kijiji, msitu baada ya shamba, na kitivo baada ya msitu, hata akaona kwa miguu yake jinsi kila kimoja kinavyopata riziki kwa mwenzake.

Mji wenyewe uko katika bonde lililo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, katika Usambara ya Magharibi, mkoani Tanga. Aujiaye hutoka Mombo, penye njia ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika hapo mwaka 1905, kisha hupanda kwa barabara ya kilomita 33 ijipindayo ubavuni mwa jabali kupitia Soni, penye maporomoko ya maji. Wajerumani, walioupenda mji wa Lushoto kwa sababu ya baridi yake, waliuita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaondoa mwaka 1916, na jina lao likaondoka nyuma yao. Lakini Washambaa walikuwako kabla ya jina hilo na wako baada yake, na vijiji vyao vimekaa juu ya migongo ya milima kama ndege waliotua juu ya mapaa.

Huko ndiko tulikoanza kupanda, mimi na kijana mwenyeji aliyekubali kuniongoza, yapata saa moja na nusu ya asubuhi. Njia ilikuwa nyembamba, imechimbwa vidato kwa majembe pale penye mteremko mkali, nayo ilipita baina ya migomba, na chini ya migomba maharage, na kandokando yake mibuni michache, kila mmea ukitwaa kadiri ya jua uliloachiwa na ulio juu yake. Hapakuwa na kibao hata kimoja cha kumwambia mtu kuwa njia hii ni ya fulani. Ikafika mahali ikaingia moja kwa moja katika ua wa nyumba, nami nikasita. Bali kiongozi wangu alipiga hodi, akajibiwa karibu, na mama mwenye nyumba, aliyekuwa ameanika maharage juu ya jamvi katikati ya ua, akaliinua jamvi kwa ncha moja, akalikunja kwa uangalifu ili punje zisimwagike, akatuachia nafasi ya nyayo mbili. Tulipokwisha kupita akalikunjua tena. Nilipogeuka kushukuru, kijana alinifundisha neno lao, nikasema, "Hongea, mama," naye akacheka kwa furaha ya kusikia lugha yake katika kinywa cha mtu wa pwani.

Katika nchi nyingi njia za miguu zimefutika kwa sababu kila mwenye shamba alisogeza ua wake hatua moja kila mwaka. Hapa hakuna karatasi iliyoandikwa, wala mahakama iliyoamua, ila ada tu, kwamba njia iliyokanyagwa na babu haizibwi na mjukuu, na mpitaji naye hupiga hodi na kuchunga asikanyage miche ya watu. Hiyo ni amana kubwa kuliko wengi wetu tunavyoikadiria. Kwa njia hizo watoto huenda shule, wagonjwa hubebwa kupelekwa zahanati, na kabichi hushuka kwenda sokoni juu ya vichwa vya akina mama kabla gari halijauona mzigo wowote.

Tukiwa bado tunapanda, kijana alininyoshea mkono upande wa kusini, akaniambia kuwa nyuma ya milima ile ndiko Vugha, uliokuwa mji wa wafalme. Asomaye "Habari za Wakilindi", kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ambacho ni miongoni mwa hazina za nathari ya Kiswahili, atakumbuka jinsi Mbega, mwindaji aliyetoka nchi ya Nguu, alivyofika katika milima hii akifuata nguruwe-mwitu walioyaharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akamwua simba, na watu wakampa enzi. Kizazi chake kikatawala mpaka zama za Kimweri ye Nyumbai, ambaye Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alimzuru Vugha mwaka 1848, akaona jinsi amri yake ilivyofika mbali. Lakini mfalme wa Washambaa hakupimwa kwa jeshi lake tu. Alipimwa kwa mvua. Nchi ikipata mvua kwa wakati wake na chakula kikatosha, walisema mfalme ameiponya nchi, "kuzifya shi"; ikiungua kwa jua au ikaharibiwa na ugomvi wa watawala, walisema nchi inaharibiwa, "kubana shi". Nilimwuliza kijana kama maneno hayo yangalipo. Alisema bibi yake huyatumia, wala si kwa habari ya wafalme: mtu akikata mti penye chemchemi huambiwa anaibana shi.

Maneno hayo mawili yalinifuata siku nzima.

Baada ya mwendo wa saa mbili hivi migomba ilikoma. Tukapita katika mistari ya miti ya kupandwa, mikaratusi na misonobari, iliyosimama kwa nidhamu kama askari gwaridini, chini yake pakavu na kimya, hata jani lisikike likianguka. Na ng'ambo yake, bila onyo, tukawa tumeingia gizani. Ulikuwa msitu wa asili wa Magamba. Msitu huu umehifadhiwa na serikali, na aingiaye huwa amepata kibali na kulipa ada kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Nami nililipa kwa moyo mkunjufu, na baada ya kutembea robo saa ndani yake nikaona kwamba nimelipa kidogo.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale ianziayo Taita huko Kenya na kushuka hadi Udzungwa kusini mwa Tanzania, na misitu yake imedumu kwa dahari nyingi kwa ihsani ya bahari. Kwani mvua yake yote ni ya bahari. Pepo zile zile ambazo manahodha wetu walizitegemea, kaskazi iliyowaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyowarudisha, hupita juu ya maji ya Bahari ya Hindi zikajaa unyevu, zikavuka tambarare ya pwani bila kuumwaga wote, na zinapoukuta ukuta wa Usambara hulazimika kupanda. Zikipanda hupoa, zikipoa huwa mawingu, na mawingu hulala juu ya miti hii kwa siku nyingi za mwaka. Mtu wa pwani aliyezoea kuutazama upepo kwa ajili ya tanga hastahili kufa kabla hajauona ukigeuka maji hapa juu.

Nilisimama nikauona. Ilikuwa yapata saa nne, na wingu lilikuwa likipita baina ya vigogo kama moshi wa jikoni, bila sauti. Mbele yangu palikuwa na mkulo mkubwa, ambao watu watatu wakishikana mikono wasingeuzunguka, na gome lake lote lilikuwa limevikwa kuvu na nyuzi za kijani zilizoning'inia kama ndevu za shehe mzee. Wingu lilipozigusa nyuzi hizo, kila ncha ilijipatia tone; tone likakua, likatetemeka, likadondoka juu ya tabaka la majani makavu, wala halikutiririka. Lilizama. Nilipiga magoti nikaingiza mkono katika majani yale, ukaingia hadi kifundo, na chini kulikuwa na unyevu mtupu na mizizi iliyofumana kama mkeka. Mvua haikuwa imenyesha tangu alfajiri, na msitu ulikuwa ungali unainyesha nchi. Huo ndio mtungi wa Lushoto: huchota mawinguni, huhifadhi mizizini, na hutoa kidogo kidogo kwa chemchemi hata wakati wa kiangazi, wakati mbingu zinapokuwa zimefunga.

Wakazi wa msitu ni wengi, nasi tuliwaona wachache kwa kuwa hatukuwa na haraka. Hondohondo walipita juu yetu, mabawa yao yakivuma hata tukawasikia kabla ya kuwaona. Mbega, kima weusi wenye manyoya meupe mabegani yaliyoshuka kama vazi la heshima, waliturukia juu ya vichwa mmoja baada ya mwingine, na mkia mweupe wa kila mmoja ukabaki kitambo machoni baada ya mwenyewe kutoweka. Lakini aliyenishika zaidi alikuwa mdogo kuliko wote. Kijana alisimama ghafla, akanionyesha tawi lililokuwa hatua moja kutoka usoni pangu, nami sikuona kitu. Akanionyesha tena, na jani moja likageuka jicho. Alikuwa kinyonga dume mwenye pembe mbili zilizotoka puani zikaelekea mbele, wa aina isiyopatikana porini penginepo duniani ila katika milima hii ya Usambara ya Magharibi. Alinyanyua mguu wa mbele, akausimamisha hewani, akauyumbisha kama apimaye kina cha maji, kisha akauweka; na jicho moja lilinitazama mimi huku la pili likitazama anakokwenda. Tulimwacha tawini, maana tawi lile, na miti iliyo kandokando yake, ndiyo milki yake yote.

Chemchemi tuliifikia karibu na adhuhuri. Haikuwa na ngurumo wala adhama yoyote. Maji yalitoka chini ya jiwe lililofunikwa na kangaga, yakajikusanya katika kishimo kisichozidi karai, chini yake changarawe zikionekana moja moja, kisha yakaondoka kwa mkondo wa upana wa kiganja. Nilikunywa kwa mikono miwili. Baridi yake ilinifika katika meno, wala hayakuwa na ladha yoyote, na ndipo nilipomkumbuka mzee wa darajani. Yalikuwa meupe kama alivyosema.

Isidhaniwe kwamba msitu huu ni salia la dunia isiyoguswa. Zama za Wajerumani, upande wa Shume, palijengwa njia ya kamba za chuma zilizotungikwa hewani kutoka juu ya mlima hadi Mkumbara kwenye reli, na kwa njia hiyo magogo ya mwangati, mti wenye harufu nzuri na usioliwa na mchwa, yalishushwa kwenda kuuzwa. Viwanda vya mbao viliendelea katika zama zilizofuata, na baada ya uhuru mashoka hayakulala. Kijana alinionyesha visiki vilivyooza, vikubwa kama meza za karamu, na juu ya kisiki kimoja mche wa mkulo uliokuwa umeota, mrefu kunizidi, mizizi yake ikikikumbatia kisiki na kushuka hadi ardhini. Mti ukuao hivyo utangoja vizazi vyetu vitatu kabla haujaufikia ukubwa wa ule uliokatwa. Atakayeukata atakuwa amewakata wajukuu wake mkono.

Tulitokea upande wa pili, katika kijiji cha Magamba kando ya barabara, tukala wali na maharage yaliyokuwa na moto, tukanunua matunda kwa watoto waliopanga vikapu vyao ukingoni: maplamu mekundu, mapichi yenye manyoya, na mapeasi magumu yavunjikayo kwa sauti. Kisha, kama mzee alivyousia, tukaiacha barabara tukashuka kwa bonde, mkondo ule ule ukiwa kuumeni kwetu.

Ndipo nilipoanza kuyapata majibu ya swali langu, moja baada ya moja. Mahali msitu ulipoufuata mkondo hadi ukingoni, maji yaliendelea kuwa meupe. Mita mia moja chini, shamba la kwanza la viazi lilishuka hadi majini bila kizuizi, matuta yake yakiwa yamelimwa kuufuata mteremko, na mvua ya usiku ilikuwa imechimba baina ya matuta mifereji ambayo mtu angeweza kulaza mkono ndani yake. Na pale mifereji hiyo ilipoingia mtoni, utepe mwekundu ulianza, ukashikamana na ukingo, ukazidi upana kwa kila shamba la namna ile. Lakini si mashamba yote yalikuwa hivyo. Mengine yalikatwa kwa mistari ya kukinga maji iliyouzunguka mlima kwa usawa, na juu ya kila mstari yamepandwa majani marefu ya gwatemala, na migrivea kwa nafasi. Nayo hayakuutia mto rangi yoyote.

Katika shamba moja la namna hii alikuwako bibi mmoja akipalilia, kanga ameifunga kiunoni na nyingine kichwani. Tulimwamkia shikamoo. Aliposikia kwamba nayafuata maji kutoka Magamba hakustaajabu hata kidogo, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu mwenye akili angepaswa kulifanya.

"Njoo utazame, mwanangu," alisema.

Akapiga jembe mara tatu juu ya mstari wa gwatemala, akalipindua donge, akaniwekea mkono wake ndani ya shimo. Udongo mweusi, laini, wenye mizizi na minyoo, ulimfika kiwikoni. Kisha akavuka mpaka, akaomba radhi kwa jirani asiyekuwapo, akapiga jembe katika shamba lake lisilo na majani ya kukinga. Udongo mweusi ulikuwa upana wa vidole vinne. Chini yake wekundu mtupu, mgumu kama tofali.

"Huu wangu umekuja wenyewe," alisema. "Mvua iliuleta, majani yakaukamata. Ng'ombe anakula majani, ananipa samadi."

"Na huu wa jirani, bibi, umekwenda wapi?"

"Nyinyi kwenu wapi?"

"Pangani."

"Basi umekwenda kwenu."

Sikuwa na la kujibu. Maji ya mabonde haya hushuka Soni, huporomoka hadi Mombo na kulisha mashamba ya mpunga huko tambarare, na mwisho wake ni Mto Pangani. Na ule mstari wa udongo niliouona utotoni katika bahari, ambao wazee wetu waliutaja kwa maneno mawili na kuendelea na mazungumzo, ulikuwa mashamba ya watu. Ulikuwa viazi vilivyokosa pa kuota, na ada ya shule iliyokosekana, na kijana aliyeshuka mjini kutafuta kibarua kwa sababu kipande cha babu yake hakitoi tena gunia.

Bibi alinieleza jambo jingine, nalo linastahili kusikilizwa na kila mwenye mamlaka juu ya ardhi ya wengine. Katika miaka ya 1950, wakati wa Waingereza, mama yake na wanawake wenziwe walilazimishwa kuchimba matuta ya kukinga udongo, na asiyechimba alitozwa faini. Mpango huo ulianzia bonde la Mlalo mwaka 1946, ukaenezwa kwingineko Usambara, na watu wakaupinga kwa nguvu hata ukaachwa kabla ya uhuru. Je, hawakuupenda udongo wao? Waliupenda, bali kazi ilikuwa nzito, mashamba madogo, mavuno hayakuongezeka mbele ya macho yao, na amri ilitoka kwa mtu asiyelala na njaa pamoja nao. Kuanzia miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine, kwa msaada wa Wajerumani, ukaleta gwatemala na miti na ng'ombe wa kufugwa zizini, na bibi alipoona kwamba mstari ule unaokinga udongo ndio huo huo unaompa malisho na maziwa, aliupanda bila kutishwa na karani yeyote. Mlima ni ule ule na mvua ni ile ile. Tofauti ni kwamba mara ya pili mkulima alipewa sababu badala ya faini.

Tulipoagana alituvunia karoti kutoka kitivo chake kilicho chini ya shamba, kando ya mkondo. Siku hizi neno kitivo limepanda cheo likawa sehemu ya chuo kikuu, lakini maana yake ya asili ni hii, ardhi yenye rutuba. Na mtu akitaka kuiona maana ya neno asimame katika mabonde ya Usambara, ambako kabichi, karoti, vitunguu na saladi vimepangwa safu kwa safu kama mistari ya utenzi, na mfereji mdogo ukipita baina yake. Nilizishika karoti zangu kwa majani yake, udongo ukiwa umezigandama, nikataka kuondoka nazo.

"La," alisema bibi. "Kung'uta hapa hapa."

Nilizikung'uta, moja baada ya nyingine, juu ya tuta zilikotoka, na udongo mweusi ukaanguka mahali pake. Alinitazama mpaka nilipomaliza ile ya mwisho, ndipo aliponiruhusu kwenda.

Mwenye kutaka kuufanya mwendo huu hahitaji vitu vingi. Awe na kiongozi mwenyeji, kwani njia huchipuka njia nyingine kila hatua, na pato dogo la kiongozi ni sababu moja zaidi ya msitu kuhifadhiwa. Awe na kibali cha msitu, viatu vishikavyo utelezi, na nguo ya baridi ya kuvaa mawinguni. Auepuke mwezi wa Aprili, masika inapokuwa na nguvu zake zote, na akipenda matunda aje mwisho wa vuli, Desemba au Januari, kama nilivyokuja mimi. Atembee saa tisa hivi, pamoja na kupumzika. Na kila apitapo uani kwa watu, apige hodi.

Tulifika darajani saa kumi na nusu ya jioni, miguu imechoka na nafsi imetulia. Gulio lilikuwa linavunjika, malori yamejaa kabichi hadi juu ya vyuma vyake, na mto, ambao sasa niliujua kwa jina la kila shamba lililoutia rangi, ulikuwa umepungua kidogo lakini ulikuwa ungali mwekundu. Mmoja wa vijana wa asubuhi alikuwa akikunja turubai lake. Alikiona kicha cha karoti mkononi mwangu, akaniuliza kwa ukarimu kama nataka anioshee kabla hajaondoka mtoni. Nilimwambia, ahsante, zimekwisha kung'utwa shambani. Na kwa kuwa alinitazama asielewe, nikaegemea nguzo ya daraja, pale pale alipokuwa ameegemea yule mzee, nikamweleza ni kwa nini.